Masikio Yote Mawili

Katika studio ya Lawani mjini Ede, mtu aliyekuja kupigwa picha alikaa kwa namna moja tu. Aliielekea kamera, magoti yametengana kidogo, mikono juu ya magoti, vidole vimenyooka. Kofia ilisogezwa nyuma, kilemba kikapandishwa, mpaka masikio yote mawili yaonekane. Lawani alizoea kusema kwamba mtu aliyepigwa picha akiwa na sikio moja ameibiwa nusu ya uso wake, na yeye hakufungua studio ili awaibie watu.

Akanji aliingia humo kama mwanagenzi, akiwa hajui hata ni upande gani wa kamera wa kutazamia. Lawani hakumfundisha kwa maneno. Alitoa picha yake ya zamani kabatini, akampa, akasema, "Nenda ukaitengeneze hii." Basi Akanji alitafuta mtu wa makamo yale yale, akamweka kwenye kiti kile kile mbele ya pazia lile lile la mikunjo, akangoja jua lifike dirishani pale pale lilipokuwa kwenye picha. Kisha Lawani aliziweka picha mbili mezani na kumwita mkewe, mama yake Folake, kutoka jikoni.

"Iya Folake, ipi yangu?"

Mama huyo hakuwahi kushika kamera. Alijifuta unga wa muhogo mikononi, akaziinamia picha kama mtu anayechagua viazi vikuu sokoni, akanyoosha kidole kwenye ile ya mumewe. "Hii. Hiyo nyingine mtu anangoja aambiwe ainuke."

Hivyo ndivyo Akanji alivyojifunza. Kila picha aliyoshindwa aliirudia, na kila alipoirudia alitupa kitu kimoja cha kwake na kuchukua kimoja cha Lawani: namna ya kupumua kabla ya kubonyeza, namna ya kunyamaza mpaka mteja aache kutabasamu, hata kikohozi kidogo cha kumfanya mtu ainue kidevu. Mpaka siku moja Iya Folake alisimama mbele ya meza muda mrefu kuliko kawaida, na kidole chake kikaangukia picha ya Akanji. Akanji alitoka hadi uani akacheka peke yake. Aliamini amemaliza.

Kwa desturi ya mafundi wa Ede, mwanagenzi aliyefika hapo hufunguliwa. Bwana wake humpeleka mbele ya chama cha wapiga picha, kazi yake hutazamwa, kokwa ya kola huvunjwa na kutafunwa pamoja, dua husomwa, na tangu hapo anaweza kutundika jina lake mlangoni. Asiyefunguliwa akithubutu kulitundika, watu wa chama huja kulishusha.

Lakini Lawani hakumfungua. "Ngoja vumbi la kiangazi lipite," alisema. Vumbi likapita. "Ngoja mvua zikatike." Mvua zikakatika. Polepole Akanji akaanza kuona kwamba Oga, kama alivyomwita bwana wake, anamimina dawa ya kusafishia picha nje ya beseni, na kwamba hawasalimu watu mpaka wazungumze kwanza. Ukungu mweupe ulikuwa unayafunika macho yake. Yeye hakulisema jambo hilo na Akanji hakumuuliza. Alianza tu kuvaa miwani myeusi, na kila walipotoka aliweka mkono wake juu ya bega la Akanji. Watu wa Ede wakasema, mtazameni Lawani anavyompenda kijana wake.

Basi Akanji ndiye aliyepiga picha zote. Lawani alikaa pembeni kwenye kiti chake cha kamba akitoa amri zile zile, na wateja waliamini wamepigwa na yeye, kwa kuwa amri ilikuwa yake, na picha iliyotoka ilikuwa yake kabisa. Mwishoni alitoa mfukoni muhuri wa mbao wenye jina lake, akapapasa pembe ya karatasi kwa kidole gumba, akaugonga nyuma. Muhuri ule haukutoka mfukoni mwake hata alipokwenda kuswali.

Wuraola, mchumba wa Akanji, alikuwa fundi cherehani. Yeye alikwisha kufunguliwa zamani, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wake karibu na soko.

"Baba anauliza," alimwambia siku moja akiwa na pini mdomoni. "Anasema mfungo ukiisha anataka kujua. Hawezi kumtoa binti yake kwa mtu ambaye bado yuko chini ya mtu."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nina jina mlangoni, na mume wangu hana. Nikuweke chini ya jina langu? Nitakuandika hapo: Wuraola, mishono ya kisasa, pamoja na Akanji."

Akacheka, na Akanji akacheka, lakini aliporudi studio alimwomba Oga kwa mara ya kwanza waziwazi. Lawani aliupapasa muhuri mfukoni. Kisha akasema, "Sawa. Peleka kazi yako kwenye chama. Wakikubali, sitakuzuia."

Chama kilikutana alasiri ya Alhamisi katika darasa la shule ya msingi. Akanji aliweka picha tatu juu ya dawati, zote safi, nyuma hazina muhuri. Mwenyekiti Fasasi, mtu mnene mwenye sauti ya muadhini, alizichukua moja moja.

"Hizi ni za Lawani," alisema.

"Nimezipiga mimi, baba."

"Kijana, mimi nimeanza kuzitazama picha za Lawani kabla hujaota meno. Ukiniamsha usingizini nitakwambia hii ni ya nani." Akawageukia wenzake. "Tazameni masikio haya. Tazameni mikono. Kuna mtu hapa ana shaka?"

Hakuna aliyekuwa na shaka. Mmoja akasema labda kijana amejisahau akafungua kabati lisilo lake, na wengine wakacheka. Akanji alimgeukia Lawani, aliyekuwa amekaa ukutani na miwani yake myeusi, mikono juu ya magoti. Neno moja tu lingetosha. Lawani alikohoa kile kikohozi chake kidogo, akanyamaza.

Akanji angeweza kusema. Angeweza kuuliza mwenye picha anawezaje kuzipiga ilhali haoni hata mlango. Lakini alikuwa amekula nyumbani mwa mtu huyu miaka yote hiyo, na mwanagenzi hamvui bwana wake nguo mbele ya watu. Akazikusanya picha zake.

"Sikiliza," alisema Fasasi, si kwa ubaya. "Alhamisi ya mwisho kabla ya mfungo, niletee picha moja ambayo nikiitazama simwoni Lawani. Moja tu. Usipoileta, rudi ukaendelee kumshikia Oga wako mwavuli, nasi tusisikie habari yako tena."

Njiani kurudi, mkono wa Lawani ulikuwa pale pale begani.

"Walikuwa wanazungumza wengi kwa pamoja," alisema baadaye. "Sikupata nafasi."

"Ndiyo, Oga."

Siku zilizofuata, mchana wateja walipopungua, Akanji alijaribu kupiga picha yake mwenyewe. Alimkalisha Wuraola kiubavu. Alipoisafisha, kidevu kilikuwa kimeinuliwa kwa kipimo cha Lawani. Alimsimamisha uani penye jua kali, na mikono ya Wuraola ikaning'inia ikitafuta magoti. Alimwambia acheke, kisha bila kujijua akanyamaza mpaka cheko likamwisha.

Wuraola alizipanga mezani kama vitambaa vya kuchagua. "Hii ni ya Oga wako. Hii ni ya Oga wako akiwa na homa. Na hii," akainyanyua ile ya uani, "ni ya Oga wako amelewa."

"Hujaniona mimi hata mahali pamoja?"

Akazitazama tena, kwa makini, kwa kuwa alimpenda. "Hapana," akasema.

Akanji alihisi kama mtu aliyejenga chumba kwa mikono yake mwenyewe, tofali moja moja, na alipomaliza akagundua amesahau kuacha mlango.

Wiki ya mwisho kabla ya mfungo, alikuja mama mmoja akimshika mkono mtoto wa kike. Alikuwa mama wa pacha. Aliyekuja naye ni Taiwo. Kehinde, wa kiume, alikufa kwa homa wakati wa mvua. Mama alikuwa na furushi dogo chini ya kwapa.

"Nimekuja kuwapiga picha watoto wangu," alisema.

Hakuna aliyeuliza watoto gani. Picha ya pacha ni ya wawili. Mmoja akiondoka, aliyebaki hukaa mara mbili: mara moja kwa ajili yake, mara moja kwa ajili ya mwenzake, akiwa amevaa nguo za mwenzake ikiwa mmoja ni wa kike na mwingine wa kiume. Kisha picha hizo mbili huunganishwa katika karatasi moja. Enzi za macho yake, wakati wa kusafisha, Lawani alifunika nusu ya karatasi kwa kadi na kuichoma nusu nyingine kwa mwanga, halafu akageuza, na kiungo kikajificha ndani ya mkunjo wa pazia. Hakuna aliyefanya kazi hiyo vizuri kumshinda, ndiyo maana mama huyo alipita studio mbili akaja kwake.

"Mweke kwenye benchi," alisema Lawani kutoka pembeni. "Mwisho wa kushoto. Mikono magotini. Masikio yote mawili."

Taiwo alikaa katika gauni lake akitazama mbele kama alivyoambiwa. Akanji akapiga. Kisha mama akafungua furushi, akatoa suruali na kanzu fupi na kofia ya kitambaa, zote zimepigwa pasi. Akamvalisha mtoto taratibu, akimfunga kamba ya suruali kwa mikono iliyokuwa inajua kazi hiyo, na mtoto akapelekwa mwisho wa kulia wa benchi.

"Sasa mimi nani?" akauliza Taiwo.

"Wewe ni Kehinde, kaka yako."

Mtoto alifikiri. "Na mimi nimekwenda wapi?"

Mama akamweka kofia sawa. Akanji alikuwa ameinama chini ya kitambaa cheusi cha kamera. Akatoka, akaweka filamu, akashika mpira wa kubonyezea, akangoja mtoto atazame mbele. Lakini mtoto aligeuza kichwa. Alitazama mwisho ule mwingine wa benchi, pale alipokuwa amekaa muda mfupi uliopita, akanyoosha mkono kidogo juu ya ubao kana kwamba pana joto la mtu. Sikio moja likapotea upande wa pili. Na vidole vya Akanji, ambavyo vilikuwa vimefundishwa kungoja, havikungoja.

Lawani alisikia mlio wa kamera. "Masikio?"

"Yote mawili, Oga," alisema Akanji.

Hakuwahi kumwambia Oga uongo kabla ya hapo. Kwa hofu akaweka filamu nyingine, akamwomba mtoto atazame mbele, akapiga tena, sawasawa na sheria.

Chumba cha giza kilikuwa kidogo kiasi kwamba akinyoosha mikono aligusa kuta mbili. Kesho yake asubuhi, chini ya taa nyekundu, alisafisha kwanza ile picha sahihi. Ilitoka bila dosari. Watoto wawili walikaa kwa adabu, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mwenzake yupo. Kisha akasafisha ile nyingine. Taiwo alitazama mbele. Upande wa kulia kaka yake alikuwa amemgeukia, mkono ukiwa njiani kwenda kwake. Akanji aliisimamia mpaka dawa ikaanza kumwasha vidole.

Alijua picha hiyo inakwenda wapi. Ingewekwa mahali pa pacha nyumbani mwa mama huyo, ikapikiwa maharage, chakula cha pacha, na mama angezungumza nayo. Marehemu aliyekaa vibaya angeweza kumtia mama uchungu juu ya uchungu. Na pia alijua kwamba akiipeleka ile sahihi, haitakuwapo siku yoyote ambayo mtu atamwona yeye. Akazikausha zote mbili. Ile sahihi akaiacha kabatini.

Mama alipokuja, Lawani alikuwa tayari mezani, muhuri umekwisha kutoka mfukoni. Akanji aliiweka picha mbele ya mama kwanza.

Mama aliiinamia, akapitisha kidole juu ya mtoto wa kulia. Kisha akasema polepole, "Anamtazama."

"Nani?" akauliza Lawani.

"Kehinde. Anamtazama dada yake. Alikuwa hivyo hivyo. Hata nikiwalisha, hafungui mdomo mpaka aone mwenzake amefungua."

Lawani aliinua kichwa. "Anamtazama? Amegeuka?" Akanyoosha mkono, akapewa picha. Akaisogeza usoni, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza huku na huku. Akanji aliangalia sakafu. "Kama amegeuka, sikio moja halipo," alisema Lawani. Sauti yake ilikuwa ya chini. Akaita kuelekea jikoni. "Iya Folake."

Mkewe akaja akijifuta mikono.

"Hii ni ya nani?"

Iya Folake aliitazama picha, kisha akamtazama mumewe, kisha Akanji. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu aulizwe swali hilo, na alijua sasa linaulizwa kwa sababu nyingine.

"Si yako, Baba Folake," alisema.

Lawani alikaa akiushika muhuri. Kidole gumba chake kilipapasa pembe ya karatasi kama kawaida, kikasimama. Akanji aliona kwamba Oga akiugonga, jambo limekwisha: picha itakuwa ya Lawani kama nyingine zote, na mji utasema Lawani amezeeka lakini bado anabuni. Lawani pia alilijua hilo. Alikuwa na nafasi ya kulichukua, na hakuna ambaye angemzuia.

"Siwezi kupiga muhuri kitu nisichokifanya," alisema hatimaye, akaurudisha mfukoni. "Mama, kuna nyingine nzuri. Huyu kijana lazima ameificha, namjua. Akupe hiyo."

"Mimi nataka hii," alisema mama.

"Haina jina nyuma."

"Basi mwenye jina aandike."

Akanji akachukua penseli. Aliandika jina lake nyuma, na mwandiko ukatoka mbovu, kwa kuwa mkono ulikuwa haujazoea.

Mama hakukubali picha iende kwenye chama peke yake. Alisema Kehinde haendi mahali asipokuwapo yeye. Alhamisi ile akaifunga kwenye kitambaa, akaja nayo mwenyewe, akakaa kwenye dawati karibu na mlango wa darasa.

Fasasi aliitazama, akakunja uso. "Hii imeharibika."

Ikapitishwa mkono kwa mkono. "Sikio la huyu limeliwa na panya?" akauliza mmoja. "Labda anamdai mwenzake," akasema mwingine, na wakacheka.

"Aliyegeuka ni mwanangu," alisema mama kutoka mlangoni. "Ndivyo alivyokuwa."

Wakaacha kucheka.

"Lawani," alisema Fasasi, "ndivyo ulivyomfundisha?"

"Mimi? Mimi sijawahi kuharibu picha namna hiyo, na unajua."

"Najua." Fasasi akamgeukia Akanji. "Kwa hiyo kosa hili ni lako mwenyewe?"

"Ni langu, baba."

Fasasi akaitazama tena, safari hii kwa muda, akiisogeza mbali na kuirudisha karibu. "Ni kweli. Lawani simwoni humu. Na zile tatu za siku ile, uliziokota wapi?"

Lawani alivua miwani yake. Ilikuwa mara ya kwanza wenzake kuyaona macho yale, meupe kama ganda la yai.

"Fasasi," alisema, "umevaa nguo ya rangi gani leo?"

Fasasi akaitazama kanzu yake.

"Mimi sijui. Tangu msikiti mpya uezekwe sijapiga picha hata moja. Zile tatu ni zake. Na iliyotundikwa sebuleni kwako, ile uliyovaa kofia ya harusi ya binti yako, ni yake pia."

Fasasi bila kujijua aligusa sikio lake. Kisha akaagiza kola iletwe.

Ikavunjwa, dua ikasomwa, Akanji akapiga magoti na mikono ya wazee ikapita juu ya kichwa chake. Aliyatamani mambo hayo kwa miaka, na yalipokuwa yakitendeka alisikia tu kiti cha Lawani kikilia nyuma yake, Lawani akiinuka na kutojua mlango uko upande gani. Akanji akaenda akasimama mbele yake. Mkono ukaja begani. Ulikuwa mzito kuliko siku zote, na barabarani watu wakawasalimu na kusema, Lawani anampenda kijana wake.

Akanji alipata chumba Osogbo, mji wa jirani, na Wuraola alimwandikia jina juu ya mlango kwa rangi yake nyekundu. Kila Ijumaa alirudi Ede kumpeleka Lawani msikitini, kwa sababu hakuna bega lingine lililolingana na mkono ule.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa vitenge. Aliingia, akakaa kitini kabla hajaambiwa, akatenganisha magoti, akaweka mikono juu yake, akasogeza kofia nyuma.

"Nimesikia umefundishwa na Lawani," alisema.

"Kaa upendavyo, baba."

"Hivi ndivyo nipendavyo."

Akanji aliingia chini ya kitambaa cheusi. Ndani humo, kwenye kioo kinachogeuza kila kitu kichwa chini miguu juu, alikaa mtu wa Lawani kamili, masikio yote mawili. Akanji akatoka, akaweka filamu, akashika mpira. Koo lilimwasha kwa kile kikohozi kidogo, akakimeza. Mtu yule akangoja. Akanji naye akangoja, mpaka mikono ile ichoke kukaa juu ya magoti, mpaka kitu fulani barabarani kimwite mtu mwenyewe ageuke.